Siasa kazini: tubishane bila kununiana

(Haya niliyaongea kwenye mkutano wa wafanyakazi, wenzangu kadhaa wakaomba niyaandike, nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)

Wakubwa shikamoni, wadogo zangu mambo, na wale tunaolingana habari za saa hizi. Nashukuru kwa nafasi. Mwenyekiti aliponipigia simu aliniomba nije niwaambie watu waache siasa kazini, maana uchaguzi unakuja na joto limeshapanda, nikamwambia mwenyekiti hilo siwezi kulisema kwa sababu siliamini. Mtu mzima anayelipa kodi na kupiga kura huwezi kumwambia kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 10 jioni hana maoni. Lakini kama anataka niongelee namna ya kubishana siasa na mtu ambaye kesho asubuhi mtakaa meza moja, hilo linanigusa sana, nimeona likiharibu watu wazuri kabisa. Akasema haya njoo na hilo hilo. Ndo nimekuja nalo.

Naomba mfikirie kidogo watu unaokaa nao kwenye maisha. Marafiki uliwachagua mwenyewe. Mwenzi wako mlichaguana. Kwenye simu unamfuata unayempenda na anayekukera unambloku, imeisha. Sasa yule wa meza ya pili pale kazini nani alikuchagulia? Hakuna, mlikutanishwa na ajira tu, yeye aliomba kazi na wewe uliomba kazi. Ndo maana kazini kuna kitu ambacho sehemu nyingine hakipatikani kirahisi. Kuna watafiti wawili wa siasa wa Marekani, Diana Mutz na Jeffery Mondak, walichapisha utafiti wao mwaka 2006, wakakuta kwamba kazini ndiko watu wanakosikia zaidi maoni ya kisiasa tofauti na ya kwao, kuliko nyumbani, kuliko kwa majirani, kuliko kwenye nyumba za ibada. Kwa hiyo anayesema tufute siasa kazini kabisa anataka kufunga mlango ambao kwa wengi wetu ndo umebaki wazi, mlango wa kumsikia mtu wa upande wa pili akiongea kwa sauti yake mwenyewe na siyo kama tunavyosimuliwa na viongozi wetu.

Sasa shida iko wapi? Ukiuliza watu watasema shida ni kelele, watu kurushiana maneno wakati wa mapumziko, kupandisha sauti, kugonga meza. Mimi kelele hazinitishi sana. Watu wakibishana kwa kelele angalau bado wanaongea. Shida inaanza kelele zikiisha, pale watu wanapoacha kuongea kabisa na kazi inatakiwa iendelee.

Niwape kitu nilichokiona mwenyewe. Niliwahi kufanya kazi sehemu moja ya zamu, mitambo inawaka saa 24, na kila anayemaliza zamu anaandika kwenye kitabu cha makabidhiano kabla hajaondoka. Kulikuwa na mafundi wawili, wote wazoefu, mmoja anakesha usiku na mwingine anampokea asubuhi. Kitabu chao ungependa kukisoma, nusu ukurasa kila siku, "pampu namba 2 inatoa mlio ukiiwasha, nimekaza boliti lakini iangalie tena saa 4, valvu ya juu inavuja kidogo, nimekinga ndoo, usiisahau". Ikaja kampeni. Wakabishana siku ya kwanza, siku ya pili, vizuri tu, halafu siku moja yule wa asubuhi akamwambia mwenzake mbele ya watu, nyie ndo mnaoturudisha nyuma, nyie wote hamna akili. Hapakuwa na ngumi. Hapakuwa na kesi kwa meneja. Lakini ukifungua kitabu kuanzia wiki ile unakuta neno moja tu, "shwari". Kesho yake "shwari". Keshokutwa "shwari", na saini. Mitambo haikuwa imepona kwa siku moja jamani. Aliyekuwa anajua kwamba pampu ina mlio aliondoka na hiyo taarifa kichwani mwake akaenda nayo kulala, na kisheria huwezi kumkamata popote, kitabu amejaza, saini ameweka, muda amemaliza.

Hii ndo sura halisi ya ugomvi wa siasa kazini na ndo maana mameneja wengi hawauoni. Angalieni na kwenu. Faili linaloletwa dakika ya mwisho wakati lilikuwa tayari tangu juzi. Barua pepe ambayo wote wamewekewa kopi isipokuwa wewe. Mteja alipiga simu ukiwa umetoka na aliyepokea hakukwambia. Mgeni wa kazi anahangaika na mfumo siku nzima na aliyekaa pembeni yake anajua njia fupi ila kwa sababu jana mgeni alionekana na kofia ya chama fulani basi amemwacha ahangaike. Hakuna hata moja kati ya hayo utakaloliandikia ripoti, lakini yakijumlishwa yanaua kazi, na kwenye kazi za hatari, hospitali, ujenzi, usafiri, umeme, yanaweza kuua watu kwa maana ya kuua kweli.

Kwa hiyo mimi nikitaka kujua kama watu wawili wanabishana siasa kwa heshima sisikilizi walivyoongea kwa ukali kiasi gani. Nauliza hivi, baada ya ule ubishi, huyu anaweza kesho kwenda kwa yule akamwambia naomba nisaidie hapa sijaelewa? Na yule anaweza kumwambia huyu jamani umekosea hesabu hapa, rekebisha kabla bosi hajaona? Kama wanaweza, hata kama jana walitoleana macho, hao wako salama. Kama hawawezi, hata kama wanasalimiana kwa tabasamu kila asubuhi, hapo pameshaharibika.

Tunafikaje huko haraka hivyo? Hili nalo tuliangalie vizuri kwa sababu wengi tunadhani ni tabia mbaya ya mtu fulani, yule mkorofi, yule mbishi. Mwanasaikolojia Henri Tajfel alifanya majaribio Bristol, Uingereza, akayachapisha mwaka 1970. Aliwachukua wavulana wa miaka 14 na 15 wa shule moja, wanajuana, akawagawa makundi mawili kwa vitu visivyo na maana yoyote, mfano picha za mchoraji yupi wamezipenda, Klee au Kandinsky, na hata huo mgawanyo wenyewe ulikuwa wa bahati nasibu tu. Halafu akampa kila mmoja kazi ya kugawa hela kwa wengine bila kuwajua majina, anajua tu huyu ni wa kundi langu na huyu siyo. Wakawapendelea wa kundi lao. Na kinachonisumbua zaidi ni kwamba mara nyingi walikubali hata kundi lao lipate pungufu ya ambayo lingeweza kupata, ilimradi tu tofauti kati yao na wale wengine iwe kubwa. Hiyo ni picha tu za kuchora. Sasa weka hapo chama, weka kiongozi mtu anayempenda, weka hofu ya kupoteza ajira au ardhi au pensheni, weka na historia ya familia yake, unategemea nini? Kwa hiyo tusiseme mimi siwezi kumfanyia mwenzangu hivyo. Binadamu yeyote anaweza, na anayejua kwamba anaweza ndo anajichunga.

Halafu kuna kumdhania mtu. Mwenzako akisema ninampigia fulani, wewe kichwani unajaza mengine yote yaliyobaki, kwamba basi huyu anakubaliana na kila kitu alichosema yule fulani, hata yale mabaya kabisa. Kuna shirika linaitwa More in Common, mwaka 2019 lilitoa utafiti wa Marekani, wakawauliza watu wa Democrats na Republicans, vile vyama viwili vikubwa vya kule, kila upande ukadirie ni wangapi wa upande wa pili wana misimamo mikali. Pande zote mbili zikakadiria kama asilimia 55, hali halisi ilikuwa kama asilimia 30, yaani karibu mara mbili. Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba yule unayebishana naye kichwani mwako wakati unaoga asubuhi siye yule utakayemkuta ofisini. Dawa yake ni kuuliza, na kuuliza kwa kutaka kujua kweli siyo kuuliza kwa kutega. Mwulize, hiyo sera wewe ilikugusaje? Utashangaa mtu anaacha kuhubiri anaanza kukusimulia mama yake alivyokosa dawa, au biashara yake ilivyofungwa, na hapo huwezi tena kumwona ni mjinga, unaweza usikubaliane naye hata kidogo lakini unajua ametokea wapi.

Nataka nikae kidogo kwenye mfano mmoja kwa sababu naona watu huusema juu juu tu, kwamba walikuwa marafiki, basi. Ni Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wawili, Antonin Scalia na Ruth Bader Ginsburg. Hao walikuwa wafanyakazi wenza kabisa, jengo moja, kazi moja, miaka zaidi ya 20, na kwenye kesi kubwa za kisiasa, za wanawake, za haki za watu, mara nyingi walikuwa pande mbili tofauti. Mwaka 1996 ikaja kesi ya chuo cha kijeshi cha Virginia, chuo cha serikali kilichokuwa kinachukua wanaume tu. Majaji 7 wakasema wanawake waruhusiwe kuomba nafasi, Ginsburg ndo akapewa kuandika hukumu. Aliyepinga alikuwa mmoja tu, Scalia, na alipinga kwa maneno makali. Sasa sikilizeni alichofanya. Kabla andiko lake la kupinga halijakamilika alimpelekea Ginsburg rasimu, mapema, ili apate muda wa kutosha wa kuijibu. Ginsburg alikuja kusimulia kwamba rasimu ile ilimharibia wikendi yake yote, lakini hukumu yake ikatoka bora zaidi kwa sababu yake.

Mmeona hapo? Scalia hakulegeza msimamo. Hakusema tuyaache haya tuwe marafiki. Alipinga mpaka mwisho, peke yake. Ila hakumnyima mwenzake kitu alichohitaji ili kazi yake iwe nzuri, na kazi yenyewe ilikuwa ya kumshinda yeye. Wale mafundi wangu wawili walikuwa hawagombanii hukumu ya nchi, walikuwa wanapokezana pampu, na wakanyimana mlio wa pampu. Urafiki wa nje, zile opera, michezo ya kuigiza kwa kuimba, walizokuwa wanapenda wote wawili, ulikuwa mzuri, lakini siyo lazima kila mtu awe rafiki yako. Kupeleka rasimu mapema ndo lazima.

Sasa tuje kwenye simu, maana najua hapa ndo penye moto. Grupu la kazi la WhatsApp. Lilifunguliwa kwa ajili ya ratiba, nani anaingia zamu, gari linaondoka saa ngapi, kikao kimehamishwa. Usiku saa 4 mtu mmoja anaforwadi kipande cha video cha kiongozi wa upande wa pili amekosea kuongea, anaweka vikatuni vya kucheka machozi. Watatu wanajibu na vicheko. Wa nne anaweka komenti, na hawa ndo wanataka tuwape nchi. Grupu lina watu 40, waliobaki wote kimya. Yule aliyeposti anaona watu wamefurahi, kwa sababu anaona wale watatu, hawezi kuwaona wale ambao wameisoma wakaizima simu wakalala na donge rohoni. Na mmoja wao anaamua kuizimisha sauti grupu ile, au anajitoa kimya kimya, na siku tatu baadaye ratiba inabadilishwa humo humo kwenye grupu, yeye hajaiona, amechelewa zamu, anaandikiwa barua ya onyo. Barua itasema alichelewa, haitasema kilichoanzisha ni nini.

Maandishi yana udhaifu wake ambao hatuutilii maanani. Watafiti Justin Kruger na Nicholas Epley na wenzao walichapisha mwaka 2005 majaribio yao kuhusu barua pepe, watu wanaandika sentensi, nyingine kwa kumaanisha na nyingine kwa kejeli, halafu wanakadiria kama msomaji ataelewa. Walioandika walitegemea wataeleweka kama mara 78 katika 100, wakaeleweka kama mara 56, ambayo siyo mbali na kurusha sarafu. Hiyo ni sentensi tu ya kawaida, tena ya watu wasio na ugomvi. Wewe umeandika kwa utani saa 4 usiku kwa mtu ambaye chama chake kimetoka kushindwa, unadhani ataupata huo utani?

Kwa hiyo mimi msimamo wangu kwenye grupu la kazi ni mkali kidogo, na najua wengine hamtaupenda. Grupu la kazi lisiwekwe siasa kabisa, siyo kwa sababu siasa ni mbaya bali kwa sababu lile grupu ni kifaa cha kazi na hakuna anayeweza kuliepuka. Wanaotaka kubishana wafungue lao, aingie anayetaka, atoke anayetaka, hapo bishaneni mpaka alfajiri. Na admini ukiona mtu ameposti usimshushue mbele ya watu 40, mfuate inboksi, kaka naomba ile uitoe, hapa tumekubaliana ni ratiba tu. Ukimshushua mbele ya watu utakuwa umeongeza ugomvi wa pili juu ya wa kwanza, na upande wake wote wataona umewashushua wao. Na uwe hivyo hivyo kwa pande zote, ukimfuata inboksi wa upande ule na wa upande wako ukampotezea, watu wanaona, watu wanahesabu, hata kama hawasemi. Na wewe ambaye posti imekuchoma, kabla hujaandika lolote, msubiri asubuhi ukaongee naye uso kwa uso au mpigie simu asikie sauti yako. Skrinshoti usipige. Ukipiga skrinshoti ya maneno ya mwenzako ukaipeleka kwenye grupu lingine, au mbaya zaidi kwa bosi, hapo siyo ubishi tena.

Nimemtaja bosi. Hapa naomba wasimamizi na wakuu wa vitengo mnisikilize kwa makini sana kwa sababu ninyi mko tofauti na sisi, hata kama ninyi wenyewe mnajiona mko sawa na sisi. Mfanyakazi akisema mimi naona fulani anafaa, hayo ni maoni. Meneja akisema mimi naona fulani anafaa, waliomzunguka wote wanaanza kupiga hesabu, mkataba wangu unaisha lini, likizo yangu imeshasainiwa au bado, yule mwenzangu aliyepandishwa cheo yeye ni wa upande gani. Umeongea kwa nia njema kabisa, ukicheka, lakini wanaocheka na wewe hujui nani anacheka kwa kufurahi na nani kwa kuogopa. Na siku ukimnyima mtu nafasi kwa sababu za haki kabisa, ataamini ni siasa, na hutakuwa na namna ya kumwonyesha kwamba siyo.

Na hili siyo suala la adabu tu. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lina mkataba namba 111 wa mwaka 1958 unaokataza ubaguzi kwenye ajira, na kwenye zile sababu zinazokatazwa, pamoja na rangi, jinsia, dini na asili ya mtu, maoni ya kisiasa yametajwa kwa jina. Kwa hiyo kumhamisha mtu, kumnyima mafunzo, kumpanga zamu mbaya mfululizo kwa sababu ya anachoamini, ni ubaguzi sawa na mwingine wowote. Ushauri wangu kwa mabosi ni kwamba kwenye mjadala wa siasa wa watu walio chini yako, sikiliza, uliza kama unataka, lakini usitangaze upande wako. Najua ni gharama, nanyi ni raia. Ila una nyumbani, una marafiki zako wa cheo chako, una kura yako.

Kuhusu kura, hili nalipita haraka kwa sababu halina mjadala. Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ibara ya 21, linasema uchaguzi ufanyike kwa kura ya siri. Siri maana yake na mimi mwenzako sitakiwi kukulazimisha uniambie. Kuna watu hawapendi kabisa kuongea siasa, wana sababu zao, wengine familia zao ziliumizwa na siasa. Mtu akikwambia mimi hayo siongei, usimwambie ni mwoga, usimkisie upande wake kwa kabila lake au dini yake au anakotoka ukaanza kumpiga vijembe. Mwache anywe maji yake.

Sasa kuna wanaosema yote haya ya nini, piga marufuku tu. Wapo waliopiga. Septemba 2020 mkuu wa kampuni ya Coinbase ya Marekani alitangaza kwamba mijadala ya siasa isiyohusu kazi yao haina nafasi pale, asiyeridhika achukue malipo aondoke, wakaondoka kama 60, kama asilimia 5. Aprili 2021 kampuni nyingine ya programu, Basecamp, nayo ikakataza mijadala ya namna hiyo kwenye akaunti yake ya kazi, ndani ya siku chache karibu theluthi moja ya wafanyakazi wakasema wanaondoka. Naona wengi wakisoma habari hizi wanachagua ile inayowapendeza. Mimi ninachokiona ni kwamba amri iliyoshuka kutoka juu, hasa ikishuka katikati ya mvutano, inasomwa kama bosi amechukua upande, hata kama hakukusudia. Ile sheria ya grupu niliyoisema hapa inafanya kazi pale tu mnapokaa wenyewe mkaikubali kabla joto halijapanda zaidi.

Wale mafundi wawili hawakupatanishwa na amri wala semina. Msimamizi wao, mama mmoja mtulivu sana, aliona neno "shwari" limekuwa jingi akaelewa bila kuuliza. Hakuwaita ofisini kuwahoji nani alimtukana nani. Alibadilisha utaratibu tu, kwamba kuanzia sasa makabidhiano yanafanyika kwa mdomo, wote wawili wanazunguka mtambo kwa mtambo dakika 10, wakimaliza ndo wanasaini. Wiki za mwanzo walikuwa hawaangaliani, mmoja anaongea anaiangalia pampu na mwingine anajibu anaiangalia pampu. Lakini huwezi kuzunguka mitambo na mtu kila siku bila kusema lolote, hapa pana joto, hebu shika uone, eeh kweli. Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Gordon Allport, aliandika tangu mwaka 1954 kwamba makundi yanayochukiana yanapungukiwa chuki yakikutana kama watu sawa, wakiwa na lengo moja, wakilifanya kwa kushirikiana, na wakubwa wakiunga mkono. Yule mama sidhani kama alimsoma, lakini yote manne aliyaweka pale. Kwa hiyo msimamizi ukiona watu wako wananuniana, angalia kwanza kazi yenyewe, uipange kwa namna ambayo hawawezi kuimaliza bila kuongea.

Kuna mpaka mmoja lazima niutaje. Mtu akisema kodi ipande au ishuke, hayo tutabishana. Mtu akisema watu wa kabila lako au dini yako au wanawake kama wewe hawastahili kuwa hapa, hayo siyo maoni ya kubishania wakati wa mapumziko, hakuna anayetakiwa kuvumilia hayo kwa jina la heshima. Hapo peleka kwa rasilimali watu, au kwa chama cha wafanyakazi, andika tarehe na maneno yaliyosemwa na waliokuwepo. Na kama umesikia mwenzako anaambiwa hivyo wewe siyo mlengwa, ongea wewe, hasa kama aliyesema ni wa upande wako wa siasa, maana wewe atakusikia kuliko atakavyomsikia yule aliyemtukana.

Nimalizie na siku ya matokeo kwa sababu hiyo ndo inakuja na hatuna muda mrefu. Kuna atakayefika kazini anang'aa na kuna atakayefika hajalala. Uliyeshinda, furaha yako ni haki yako, nenda kaimalizie nyumbani, usiingie unaimba, usimuulize mwenzako vipi umelala salama. Mpe kazi kama kawaida, mwombe msaada kama kawaida, na ukiweza muombe msaada kwenye kitu anachokijua kuliko wewe. Uliyeshindwa, una haki ya kuwa kimya siku mbili tatu, sema tu wazi, jamani leo siko sawa, tuongee kazi tu, watu wataelewa, kuliko kununa watu wakabaki wanakisia. Ila kukabidhi kazi usikuache hata siku hiyo. Wasimamizi, asubuhi hiyo msiweke kikao cha kugawana majukumu wala cha kupandisha watu vyeo, kisogezeni wiki moja mbele, hakuna kitakachoharibika. Na lile suala la grupu mkalijadili wiki hii hii, kila kitengo kivyake, muandike mliyokubaliana na admini wawili, wasiwe wa upande mmoja.

Mwenyekiti, muda wa maswali upo, naomba tuanze na wale wa zamu ya jioni maana wanatakiwa kuondoka saa 9.